Vumbi Lililolala Halikwaruzi



Ndugu msomaji, juma hili naomba ruhusa niyaache kidogo mambo ya ndoa na malezi ambayo ukurasa huu umeyazoea, nizungumze juu ya rangi ya gari. Huenda ukasema kwamba hilo ni jambo la fundi, halina nafasi katika ukurasa wa familia. Nami ningesema hivyo hivyo, lau si mikwaruzo ya rangi kukaribia kumtoa kijana mmoja katika safu za msikiti wetu.

Hapa Isikizya tunalo gari la wakfu, Toyota Noah nyeusi. Lilitolewa na familia moja kwa niaba ya marehemu baba yao, kwa sharti kwamba libebe majeneza, liwafikishe wagonjwa hospitali Tabora mjini na, likiwa halina shughuli, liwachukue walimu wa madrasa za vijijini. Lilipoletwa, rangi yake ilikuwa nzuri mno. Ukisimama ubavuni pake ulijiona kama katika kioo. Kamati ikafurahi. Nami, nikiwa katibu, nikaandika katika muhtasari kwamba gari lifutwe vumbi kila asubuhi na lioshwe kila Alhamisi jioni, ili Ijumaa likute ni safi. Kazi hiyo akakabidhiwa kijana mmoja wa madrasa mwenye umri wa miaka 17. Hakuwahi kuikosa hata siku moja.

Mwaka ulipopita, mtoto wa marehemu alikuja kutuzuru. Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekolea, na jua la saa nne limekwisha kupanda. Akainama kwenye boneti, akatazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Katibu, gari hili mnalisugua kwa kitu gani?" Nikatazama alipotazama. Pale mwanga wa jua ulipoangukia palijaa mistari myembamba, mamia kwa mamia, imezunguka mithili ya utando wa buibui. Weusi wa gari ulikuwa umefifia, umeingia ukijivu.

Usiku ule ule, baada ya swala ya Isha, kamati ikakaa. Mjumbe mmoja alisema kijana amezembea, amesugua gari kwa mizunguko kama asuguaye sufuria, hivyo aondolewe kazini na alipe gharama ya polishi. Wa pili alitaka gari lipelekwe mjini likasuguliwe kwa mashine mpaka ling'ae kama siku lilipoletwa. Wa tatu akasema gari la kubebea maiti halina haja ya kung'aa, na kwamba kuligharimia ni israfu. Kijana alikuwa ameketi nyuma, ameinamisha kichwa. Mbele yangu palikuwa na muhtasari wa mwaka uliopita, na humo maneno yangu mwenyewe: gari lifutwe vumbi kila asubuhi. Nikaomba kikao kiahirishwe kwa siku tatu ili nichunguze na kuuliza wenye ujuzi. Haya ninayokuandikia, ndugu msomaji, ndiyo niliyoyapata.

Unene wa nusu karatasi

Rangi ya magari mengi ya siku hizi ni matabaka. Juu ya bati hupakwa praima, inayozuia kutu na kuishikisha rangi. Juu ya praima hupakwa rangi yenyewe. Kisha juu ya rangi hupakwa tabaka angavu, lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Mng'aro unaotupendeza hutoka katika klia hiyo, na humo pia mmewekwa kinga dhidi ya miale ya jua.

Tabaka hilo ni jembamba kuliko watu wengi wanavyodhani. Milimita moja ina mikroni 1000, na karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa takriban mikroni 100. Matabaka yote ya rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida hufika mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50. Kwa maneno mengine, kati ya uzuri wa gari na uharibifu wake pana nusu ya unene wa karatasi.

Sasa itazame ardhi yetu. Udongo wa sehemu kubwa ya Unyamwezi ni wa kichanga, uliozaliwa na kuchakaa kwa miamba ya graniti. Zile punje zinazometameta juani ni madini ya kwatzi. Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini wa Ujerumani wa karne ya 19, aliyapanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, almasi ikiwa ya 10. Kwatzi ni ya 7. Kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu, na klia ya gari ni laini kuliko kioo. Basi anayechukua kitambaa kikavu, hata kama ni cha hariri, akafuta kwacho vumbi la kiangazi cha Tabora juu ya gari, amechukua msasa mwepesi na kuupitisha juu ya rangi. Hakuna uovu katika kitambaa. Tatizo ni zile punje zilizonaswa chini yake.

Kwa nini mistari huzunguka

Jambo la pili lililonishangaza ni ule utando wa buibui. Sote tuliamini kwamba mistari imezunguka kwa sababu mkono ulizunguka. Sivyo. Mikwaruzo hiyo, kila mmoja peke yake, aghalabu ni mifupi na imelala kila upande bila mpango. Kila mkwaruzo ni mfereji mdogo, na kingo zake huirusha nuru upande unaoukata mfereji. Kwa hiyo jicho huiona ile tu iliyolala kwa namna ya kulizunguka jua linavyoonekana ndani ya rangi; mingine ipo lakini haionekani kutoka pale uliposimama. Piga hatua mbili kando na utaona duara nalo limehama nawe, hata kama gari halikusogea. Usiku, tochi ya simu huonyesha jambo hilo hilo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yalihusu haki ya mtu. Mjumbe wetu alikuwa ameufanya utando ule kuwa ushahidi kwamba kijana alisugua kwa mizunguko, ilhali ushahidi wenyewe haukusema hivyo.

Kifuniko cha redio

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kikao na kifuniko cheusi cha redio mbovu, birika la kutawadhia, sabuni kidogo ya maji na vipande viwili vya kitambaa kimoja. Tulikaa alasiri, nje, ili jua litusaidie. Nikanyunyiza vumbi la barabarani juu ya kifuniko chote. Nusu ya kwanza nikaifuta kwa kitambaa kikavu mara kumi, kwa mistari iliyonyooka, bila kuzungusha mkono. Nusu ya pili nikaimiminia maji taratibu mpaka vumbi likateremka lenyewe, kisha nikapitisha kitambaa cha pili kilicholowa sabuni.

Nikakiosha chote, nikakikausha, nikakielekeza juani. Upande wa kwanza ulikuwa na utando ule ule wa boneti. Upande wa pili ulibaki kama ulivyokuwa. Mzee aliyetaka kijana alipe alikichukua kifuniko, akakigeuza mara kadhaa, kisha akanirudishia bila neno.

Nikawasomea muhtasari wetu wa mwaka uliopita. Gari lile lilikuwa limefutwa vumbi likiwa kavu kila asubuhi kwa mwaka mzima kwa amri iliyoandikwa na mkono wangu na kupitishwa na kamati. Kitambaa kilichotumika kilikuwa kanzu yangu kuukuu, niliyomkabidhi kijana mwenyewe. Wanazuoni wa fiqhi wamefafanua kwamba aliyewekewa amana hawajibiki kulipa kinachoharibika mkononi mwake isipokuwa amezembea au amevuka mpaka aliowekewa. Kijana huyu hakuzembea; bidii yake ndiyo iliyozidisha mikwaruzo. Wala hakuvuka mpaka, kwani mpaka tuliuweka sisi, tukauweka mahali pasipofaa. Lau angekuwa mvivu, gari lingekuwa salama zaidi. Hapo kikao kikanyamaza, na mwenyekiti akamwita kijana aje aketi mbele.

Asili haiguswi

Lilibaki swali la mjumbe wa pili: je, gari likasuguliwe kwa mashine? Hapa ndipo rangi ya gari ilipokutana na fiqhi ya wakfu.

Tunajua kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, akaja kumtaka shauri Mtume (s.a.w.). Alishauriwa aizuie asili yake na kuyatoa matunda yake kuwa sadaka. Ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Juu ya msingi huo ukajengwa mlango mzima wa wakfu: asili hubaki, manfaa hutumika.

Basi tujiulize, polishi hufanya nini? Watu hudhani kwamba hujaza mikwaruzo. Polishi ya kweli huondoa klia iliyoko kandokando ya mkwaruzo mpaka uso wote ushuke na kulingana na kina chake. Kwa kila kusugua, mikroni kadhaa hupotea wala hazirudi. Anayeipeleka klia ya mikroni 40 kwenye mashine kila mwaka kabla ya Idi anakula mtaji. Siku klia itakapokwisha, jua letu litaingia moja kwa moja kwenye rangi. Na Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1200, si mbali na Ikweta, hivyo jua lake si la kuchezea. Rangi itapauka, itaanza kubanduka kwenye paa na boneti, na hapo hakuna dawa ila kupaka upya kwa fedha za waumini.

Kwa hiyo tukaafikiana mambo mawili. Tungelisafisha gari kwa polishi nyepesi mara moja tu, kwa mkono, na kuiacha mikwaruzo mirefu ilivyo. Na tungeibadilisha namna ya kuosha kuanzia siku ile, kwa sababu kupiga polishi pasi na kuacha desturi iliyoleta mikwaruzo ni kuchota maji kwa pakacha.

Namna ya kuosha

Huu ndio utaratibu tunaoufuata sasa, na kila mwenye gari anaweza kuufuata nyumbani.

Kwanza, gari halifutwi likiwa kavu. Vumbi lililolala juu ya rangi halikwaruzi. Linalosuguliwa ndilo linalokwaruza. Kama asubuhi pana msiba na gari limejaa vumbi, tunasafisha vioo, taa na vishikio vya milango kwa maji, mengine tunayaacha. Maiti hadhuriki kwa vumbi la boneti.

Pili, gari huoshwa kivulini, bodi ikiwa imepoa. Juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa na kuacha madoa. Lakini kivuli chenyewe kichaguliwe. Sisi watu wa Tabora tunaipenda miembe yetu, ambayo wazee wanaihesabu kuwa kumbukumbu ya misafara ya zamani. Hata hivyo utomvu wa mwembe na vinyesi vya ndege hula rangi. Vikianguka, vilowekwe kwa kitambaa chenye maji mpaka vilainike, kisha viinuliwe. Visikwanguliwe kwa kucha.

Tatu, vumbi liondolewe kwa maji kabla mkono haujagusa gari. Tulinunua bomba la mgongoni kama lile la kunyunyizia dawa za mashambani, jipya, lisilowahi kutiwa dawa. Tunatia lita 10 za maji na sabuni kidogo ya kuoshea magari, tunanyunyiza kuanzia paa hadi chini, tunangoja dakika tano vumbi lilainike na kuteremka, kisha tunanyunyiza tena. Wakati wa masika matope huhitaji muda mrefu zaidi. Hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya balaa.

Nne, ndoo ziwe mbili. Moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu. Kitambaa huchovywa kwenye sabuni, hupitishwa sehemu moja ya gari, kisha husuuzwa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Mchanga ubaki katika ndoo ya pili. Anayetumia ndoo moja hurudisha juu ya gari mchanga ule ule aliouondoa.

Tano, kuosha kuanzie juu kuteremka chini, na mkono uende kwa mistari iliyonyooka pasi na kukandamiza. Sehemu za chini za milango, ambako tairi hurusha mchanga, zije mwisho. Tairi na rimu ziwe na kitambaa chao peke yake, kisichogusa bodi abadani.

Sita, kitambaa kiwe laini chenye manyoya ya kumeza mchanga, kama vile taulo za maikrofaiba zinazouzwa madukani. Fulana kuukuu yenye mishono, dodoki na brashi ya sakafu havifai. Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, hakirudi juu ya gari mpaka kifuliwe. Sabuni ya unga nayo tumeiacha, kwani punje zake zisizoyeyuka hukwaruza, na ukali wake huondoa nta.

Saba, gari lisuuzwe na likaushwe kwa taulo safi, kwa kulilaza na kuliinua pasi na kusugua.

Mtu atauliza juu ya maji. Kwa utaratibu huu tunatumia lita 10 za bomba, ndoo mbili za lita 10 na dumu moja la lita 20 la kusuuzia. Jumla lita 50. Mpira ulioachwa wazi kwa dakika kumi hupitisha zaidi ya lita 100 kwa urahisi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita moja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kwa umma wenye mfano huo, kulimwagia gari maji ovyo wakati wa kiangazi ni jambo la kuona haya. Usafi una kipimo chake.

Na ukipeleka gari kwa waoshaji wa barabarani, usiwadharau, kwani wanatafuta riziki ya halali. Lakini waombe walisuuze kwa presha kwanza, kisha watumie kitambaa chako ulichokileta. Sponji iliyotoka kwenye lori la matope huja na matope ya lori hilo.

Kuondoa iliyokwisha kuingia

Kabla ya polishi, pima kina cha mkwaruzo kwa ukucha. Pitisha ukucha ukiukata mstari. Usipokwama, mkwaruzo umo ndani ya klia na unaweza kupunguzwa. Ukikwama, huo ni wa kina. Mara nyingi ni wa tawi la porini au wa kugusana na kitu kigumu. Gari letu linalo mingi ya namna hiyo, kwa sababu mazishi ya vijijini hutupitisha njia nyembamba za miombo. Hiyo polishi haitaiondoa, na anayeifukuza kwa nguvu ataimaliza klia kabla ya kuufikia mwisho wake.

Sisi tulifanya hivi. Tuliliosha gari kwa uangalifu, safari hii kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili mafuta na nta ya zamani vitoke. Tukabandika utepe wa karatasi kwenye kingo za milango, mikunjo ya bodi na mipira ya madirisha, kwa kuwa rangi huwa nyembamba zaidi penye kona. Tukachagua polishi laini kabisa, tukaiacha ile nzito ya kusugulia rangi mpya. Tukajaribu kwanza mahali padogo chini ya mlango wa nyuma. Kitambaa kilipobaki bila weusi tukajua kwamba tunasugua klia; kitambaa kikichukua rangi ya gari, ujue gari hilo halina klia au imekwisha, na uangalifu uzidishwe.

Kisha tukaenda kipande kwa kipande, kila kimoja upana wa shubiri mbili. Polishi kiasi cha punje chache za kunde juu ya sponji safi, mkono ukienda na kurudi kwa mwendo wa wastani kwa dakika mbili au tatu, halafu kufuta na kutazama kwa tochi. Ilituchukua jioni tatu baina ya Alasiri na Magharibi. Mikwaruzo mingi myembamba ilififia, weusi ukarudi. Jua la saa saba bado linaonyesha mistari kadhaa. Tumeiacha.

Mwenye uwezo wa kumlipa fundi mwenye mashine afanye hivyo, ila aangalie mashine gani. Ile inayozunguka huku ikitikisika ni salama zaidi kuliko inayozunguka tu. Na akimwona fundi amefunga sponji kwenye grenda ya kukatia vyuma, achukue ufunguo wake aondoke. Grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi hufanya kazi yake kwa mizunguko michache mno kuliko hiyo. Joto la grenda huunguza klia kwa muda mfupi, hasa kwenye kingo. Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Kanuni hiyo imfae kila anayejiita fundi.

Yapo pia mafuta ya kupaka ambayo hujaza mifereji na kuificha kwa majuma machache, kisha gari likioshwa mara kadhaa utando hurudi. Kuyapaka kwenye gari lako si kosa. Kuyapaka usiku ili kesho umuuzie ndugu yako gari kana kwamba halina kasoro, hilo ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini yake pamelowa, alimkemea muuzaji aliyeficha unyevu ule. Dawa ya meno, dizeli na mafuta ya taa vyote tulishauriwa, na vyote tukaviacha. Mafuta hunasa vumbi, na vumbi ndilo adui tuliyemkimbia.

Nta ya kwetu na nta ya Brazili

Baada ya polishi hupakwa nta, ili vumbi lisishikamane na maji yateremke upesi. Hapo wazee wetu walicheka: Tabora, nchi ya asali, yenye chuo chake cha ufugaji nyuki, inunue nta dukani? Tulijaribu nta ya nyuki kwenye kipande kimoja. Iling'aa asubuhi, lakini mchana ikanata na kukusanya vumbi. Sababu yake ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na bati jeusi juani linaweza kukaribia kiwango hicho. Nta ya magari mara nyingi hutegemea kanauba, itokayo kwenye majani ya mtende wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ambayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 80. Tukanunua kopo moja la kanauba. Tunalipaka gari mara moja kila miezi mitatu, safu nyembamba sana. Nta ya kwetu tukaiachia kazi inayoiweza, nayo ni kung'arisha milango na viti vya mbao vya madrasa.

Muhtasari mpya

Mjumbe wa tatu, aliyesema gari la maiti halihitaji kung'aa, alikuwa na haki kwa upande mmoja. Hatukutafuta fahari. Lakini kutunza ni jambo jingine na fahari ni jambo jingine. Familia iliyotoa gari ile inatarajia thawabu zimfikie baba yao muda wote gari litakapotumika. Kila mwaka tunaouongeza katika umri wake kwa kitambaa safi na ndoo ya pili ni mwaka wa sadaka kwa maiti asiyeweza tena kujitolea mwenyewe.

Muhtasari mpya nimeuandika, na ndani yake nimetaja kwamba agizo la mwaka uliopita lilikuwa kosa la katibu, likapitishwa na kamati, na kwamba kijana hana deni. Mtoto wa marehemu alipopelekewa habari alijibu kwa simu kwamba baba yake hangeridhika kamwe gari lake liwe sababu ya kijana kuondoka msikitini.

Nyumbani kwako pia, ndugu msomaji, upo mkono unaosafisha. Pengine ni wa binti anayefuta kioo cha televisheni kwa khanga kavu, au wa kijana wa boda boda anayesugua kioo cha kofia yake kwa fulana yenye vumbi. Ukiona mikwaruzo, kabla ya kuuliza nani ameharibu, uliza kwanza ni nani aliyemfundisha, na alimfundisha nini.

Alhamisi iliyopita nilipita uani baada ya Alasiri. Kijana wetu alikuwa na wadogo zake wawili wa madrasa, bomba likiwa mgongoni mwa mmoja wao. Mdogo aliinua kitambaa kutaka kufuta paa. Akamshika mkono taratibu, akamwambia, "Ngoja. Maji kwanza."

Wabillahi tawfiq.